Vitu vya Kuchezea Visivyochezewa

Siku mliyoniaga mlinipa keki, leso na saa ya ukutani, kisha mkaniomba niseme neno. Nilisimama, nikalia, nikaketi. Mkapiga makofi kana kwamba nimehutubia. Sasa niko nyumbani kwangu Lanet, saa yenyewe inatembea ukutani, kuku wananitazama kama mgeni asiyejua kuaga, na lile neno limenijia. Nimeamua kuliandika, maana nikilisema nitalia tena na nyinyi mtatafuta keki nyingine.

Kuhusu vyeo na mishahara sina la kusema. Anayetaka kujua mtunza stoo wa shirika dogo la watoto mjini Nakuru alifika wapi na aje awatazame hao kuku. Ninachotaka kuwaachia ni habari za kazi yenyewe, ile ya kukusanya vitu vya kuchezea na kuwapelekea watoto wasio na kitu wakati wa Krismasi. Pia nataka kuwaachia habari za mtoto mmoja, Nduta, na mwanasesere tuliyempa halafu hatukumpa. Hizo ndizo zinazoninyima raha.

Nilipoajiriwa niliambiwa nitatunza stoo. Nilikuwa nimetoka kwenye ghala la nafaka kule Njoro, kwa hiyo akilini mwangu stoo ilikuwa mahindi, maharagwe na vita na panya. Asubuhi ya kwanza nikafungua mlango nikakuta mlima wa dubu wa vitambaa, magari yasiyo na magurudumu, na wanasesere wamelala uchi kifudifudi kama watu waliopatwa na msiba wa ghafla. Katikati yao ameketi mzee mwenye kofia ya kufuma, miwani imemteremka puani, anamshona tumbili sikio.

"Karibu, binti," akasema bila kuinua macho. "Funga mlango, upepo utanipeperushia pamba."

Huyo alikuwa Mzee Salim, mwenyeji wa mtaa wa Bondeni, ambaye babu yake alikuja bara kutoka pwani enzi za reli. Maisha yake yote alikuwa fundi wa redio na cherehani, mpaka shirika lilipomwomba awe anatutengenezea vitu vya msimu. Nikamwuliza, kwa ule ujinga wa siku ya kwanza, kama yeye Mwislamu haoni ajabu kuhangaikia Krismasi.

"Sikukuu ni yenu," akasema. "Mtoto ni wa wote. Haya, mshike mkia huyu, asicheze."

Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Masanduku yetu ya kukusanyia yalikaa milangoni mwa maduka makubwa na makanisani, na kila Ijumaa tuliyaleta stoo tukayamwaga sakafuni. Kwanza macho. Kila jicho la dubu livutwe kwa nguvu, maana afadhali likutokee wewe mkononi kuliko limtokee mtoto kooni. Kisha betri zote zitolewe, kwa sababu gari linalopiga king'ora siku moja halafu likanyamaza humfanya mtoto aamini kwamba ni yeye aliyeliharibu. Hilo sikuwa nimewahi kulifikiria, na mimi nimelea watoto. Vya kitambaa vifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Ndiyo maana kila Novemba kamba yetu nyuma ya ofisi ilijaa sungura walioning'inizwa kwa masikio, na wapita njia wakadhani tumeingia uganga. Picha za kuunganisha vipande nazo ziunganishwe zote kabla hazijatoka. Niliwahi kuunganisha ngome moja ya Ulaya mchana kutwa, nikaijua kama jikoni mwangu, na kipande cha mwisho kikakosekana.

Vifaa vya mzee vilikaa katika kopo la biskuti: bisibisi ndogo, sindano ya magunia na nyingine nyembamba, gundi, kipande cha mshumaa cha kulainishia magurudumu, na mswaki mkuukuu wa kusugulia uchafu katikati ya vidole vya wanasesere. Kopo hilo halikuguswa na mtu. Mkurugenzi wetu aliwahi kuchukua bisibisi bila kuomba, na mzee akakaa ameikunja mikono mpaka iliporudishwa.

Milimani, mtaa wa wenye nacho, tulipita nyumba kwa nyumba. Nisiwaseme vibaya wote, wako waliotupa vitu ambavyo hata watoto wangu hawakuwahi kuviota. Lakini wapo waliotuona kama gari la taka lililobarikiwa. Tumewahi kupewa kucha za bandia, tai, na mashine ya kupunguza tumbo. Mama mmoja alituletea getini lori la plastiki.

"Madam, hii lori iko na tairi moja tu," nikamwambia.

"Lakini hao watoto si hawana kitu kabisa?" akanijibu, tena kwa upole. "Watashukuru tu."

Mzee Salim alilipokea lori kwa mikono miwili na kumshukuru. Tulipofika barabarani akaniambia, "Binti, siku utakapoanza kufikiri hivyo, rudi kwenye mahindi yako."

Mwanasesere ninayemsema alitoka katika nyumba mojawapo ya hizo. Alikuwa amenyolewa na mtoto mwenye ndoto za kinyozi, kichwa kimebaki vishimo vitupu. Mimi ningemtupa. Mzee alinunua uzi mweusi wa kufumia, akaushona kichwani uzi mmoja mmoja, kisha akanikabidhi nimsuke. Nikamsuka matuta ya kurudi nyuma, ncha nikazifunga kwa uzi mwekundu, na nikamshonea rinda la kitenge kilichobaki kwenye nguo yangu ya harusi ya dada. Alipokamilika alifanana na msichana yeyote unayekutana naye ametumwa maziwa. Mzee akamwinua kwenye mwanga wa dirisha, akasema huyu aandikiwe jina la mtoto atakayempata. Ofisi ilikataa. Kwenye vifurushi tuliandika umri tu, na kama ni msichana au mvulana, kwa kuwa majina yangechelewesha kazi.

Makao ya watoto tuliyokuwa tukiyapelekea vitu yako juu, upande wa Molo, ambako Desemba ni baridi na matope. Tukifika Sachangwan, pale moto wa lori la mafuta ulipoteketeza watu, dereva wetu alizima redio bila kuambiwa, na hakuna aliyesema neno mpaka tupite. Kisha mazungumzo yalirudi polepole, kwa kawaida kuhusu bei ya viazi.

Msimamizi wa makao aliitwa Mama Ruth, mwanamke mpana, mchapakazi, aliyejua kila mtoto anaogopa nini na kila mtoto hukojoa kitandani siku gani. Nawaomba mkumbuke hilo, maana mbele nitamgombeza. Krismasi hiyo watoto waliimba, mkurugenzi akahutubia, wafadhili wakapiga picha, vifurushi vikagawanywa. Nduta alikuwa ndiyo kwanza ameanza shule, mfupi, mkimya, aliyeletwa pale baada ya mama yake kufariki. Alipomfungua yule mwanasesere wetu hakurukaruka kama wenzake. Alimgeuza, akayatazama matuta, akazigusa zile ncha.

"Nani alimsuka?" akaniuliza.

"Ni mimi."

"Umevuta sana hapa mbele. Kichwa itamuuma." Akamfunika kichwa kwa kiganja. "Anaitwa Shiru."

Nilicheka mpaka Mama Ruth akaja kuuliza kuna nini. Nilipomsimulia Mzee Salim, naye alitabasamu wiki nzima, na kila aliyeingia stoo akasimuliwa kwamba yuko mteja kule Molo amelalamikia kazi yetu.

Mvua za masika zilipoanza tulirudi kule na unga na blanketi. Hatukutoa habari mapema kwa sababu simu ya makao ilikuwa haipatikani. Uani watoto walikuwa wakisukuma tairi la baiskeli. Nduta alikuwa amebeba mgongoni gunzi la mahindi lililofungwa kitambaa, analibembeleza lilale. Nikamwuliza Shiru yuko wapi.

"Ako kwa kabati," akasema, kama mtu anayesema mwenzake yuko kazini.

Ofisini mwa Mama Ruth kulikuwa na kabati la vioo lenye kufuli. Wote walikuwa ndani wamepangwa: dubu, magari, picha za vipande, na Shiru mbele kabisa, rinda limepigwa pasi. Hakuna kilichokuwa na hata alama ya ukucha. Hasira zangu mnazijua, sina haja ya kuzieleza.

"Mama Ruth, hii ni nini?"

"Ni vitu zenu, madam. Ziko zote, hakuna imepotea."

"Sikuwaletea maonyesho! Mtoto anabeba gunzi huko nje, na doli yake iko hapa imepigwa pasi?"

Alifunga mlango, akanivutia kiti. "Keti kwanza, Rhoda. Ile mwaka ingine wageni wenu walikuja Januari, ile ya kuangalia. Wakapata lori haina tairi, na doli moja imetoka mkono. Mmoja akaniuliza mbele ya watoto, hii ndiyo shukrani yenu? Hiyo mwaka blanketi hazikukuja. Hii baridi ya huku unaijua ama unaisikia tu? Nilikuwa na watoto wawili wa pneumonia. Tangu hiyo siku nawapea Krismasi, nawapea tena Januari mkikuja. Siku zingine nafunga. Afadhali walale na joto."

Ile ziara ya Januari ilikuwa yetu sisi. Shirika liliianzisha ili wafadhili wajionee kwamba vitu vyao vimefika, na kila mwaka tuliyasifu makao ambayo vitu vyake vilikuwa vinang'aa. Mwanamke aliyekuwa na blanketi za kutafuta alikuwa ameelewa tunachokitaka kuliko sisi wenyewe tulivyokielewa. Nikanywa chai yake nikaondoka.

Mzee Salim nilimkuta akisugua magurudumu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka mswaki chini.

"Kitu cha kuchezea kisichochakaa hakijachezewa," akasema. "Sasa nilikuwa nikitengeneza nini miaka yote hii, mapambo?" Hakufanya kazi tena siku hiyo, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akiondoka kabla ya saa ya kufunga.

Nililipeleka jambo kwa mkurugenzi, mtu mwema, msije mkadhani vinginevyo. Aliumia kweli. "Rhoda, nakuelewa, lakini donors lazima waone impact," akaniambia. "Tukiondoa hiyo visit, mwaka ujao hatuna hata hizo toys." Mkutano uliitishwa, na uamuzi ukawa kwamba kabati lifunguliwe kila Jumamosi alasiri, msimamizi akiwepo. Sote tukasema hayo ni maendeleo, na mimi nikala andazi la mkutano kama wengine. Basi Nduta akawa anamtembelea Shiru Jumamosi, kama mama mwenye mtoto hospitalini. Mama Ruth aliniambia alikuwa hachezi naye sana. Alikuwa akimkagua, akimnyoosha rinda, akimweleza habari za wiki, halafu anamrudisha mwenyewe kabla hajaambiwa.

Miaka ikapita hivyo. Kisha serikali ikaelekeza watoto wa makao warudishwe kwa jamaa zao kila inapowezekana, jambo ambalo naliunga mkono kwa moyo wote. Nyanya wa Nduta, au cucu kama wanavyosema kwao, akapatikana Elburgon, akasema mtoto na aje hata leo. Mimi nilikwenda na gari la shirika kumchukua. Alikuwa amevaa sweta jipya, begi la shule mgongoni, na amesimama si mlangoni bali ofisini, mbele ya kabati.

"Auntie, Shiru si anaenda na mimi?"

Nikamwambia ndiyo bila kufikiri. Mwenyekiti wa kamati ya makao, mzee wa suti na fimbo, alikuwa hapo kwa ajili ya kutia sahihi.

"Hapana, hapana," akasema. "Hivyo vitu tulipokea kwa niaba ya makao, si ya mtoto mmoja. Huyu akibeba, kesho kila mtoto anayetoka anabeba. Wakaguzi wakija nitawaonyesha nini?"

"Mzee, ni doli. Amempa mpaka jina."

"Hata kiti ninachokalia kina jina langu, lakini si changu."

Nikampigia mkurugenzi palepale. Akasema tusiingilie mambo yao ya ndani, mtoto atapata mwingine. Nikabishana mpaka simu ikakatika, nikarudi kwa mwenyekiti, nikapandisha sauti, nikaishusha, nikasihi. Mama Ruth alikuwa amesimama dirishani, ufunguo umefungwa kwenye pindo la leso yake. Nilimwona akiushika, na nilimwona akiuachia. Alikuwa na watoto wengine wa kulisha chini ya mwenyekiti yuleyule, na mimi simlaumu.

Nduta hakulia. Alikisogelea kioo, akasema kwa sauti ya kawaida, "Shiru, mimi naenda kwa cucu. Ukae vizuri." Akaingia garini. Njiani aliniuliza kama cucu ana ng'ombe, nami nikamwambia sijui, na hayo ndiyo mazungumzo yetu yote mpaka Elburgon.

Nimefikisha vitu kwa watoto wengi na nimeona furaha isiyoigizwa, wala sitaki mdhani kazi yetu ilikuwa bure. Lakini najuta. Najuta kwamba jina moja kwenye kifurushi lingemaliza ubishi wote ule, na hatukuliandika kwa sababu ya haraka. Najuta kwamba tulikwenda Januari kutafuta vilivyo vizima, badala ya kutafuta vilivyovunjika tuvilete kwa fundi. Mambo haya mawili yako mikononi mwenu sasa. Fanyeni hata kama wafadhili watanuna, maana mfadhili akinuna huwa ananuna kwa muda tu.

Mzee Salim aliniuliza habari za Nduta kila asubuhi, baadaye kila wiki, na hakuacha kuuliza hata macho yalipomshinda akabaki nyumbani. "Yule mteja wetu, bado hajampata mwanawe?" Bado, mzee. Mzee alifariki mwezi wa Novemba, siku ya Ijumaa, nikiwa kwenye duka moja kubwa nachukua sanduku, na simu iko kwenye mkoba. Wenzetu Waislamu hawachelewi kuzika. Nilipofika makaburini udongo ulikuwa umekwisha kusawazishwa na watu wanatawanyika. Nililia kwa aibu ya kuchelewa, na kwa sababu sikuwa na jibu jipya la kumpelekea. Mtoto wa mzee alinipa lile kopo la biskuti. Liko stoo, rafu ya juu. Mkitaka bisibisi, ombeni.

Mwaka wangu wa mwisho kazini makao yale yalifungwa, watoto wote wakiwa wamerudi kwa watu wao. Vilivyokuwa kabatini vilirudishwa kwetu ndani ya magunia, na nilipoyafungua yalinuka dawa ya nondo. Sijawahi kuona vitu vizuri vikanichukiza namna ile. Vilikuwa tayari kupelekwa kwa watoto wengine bila hata kusuguliwa. Shiru alikuwa ndani ya gunia la pili. Nilimtia mkobani, sikumwomba mtu ruhusa, na Jumamosi iliyofuata nikaenda Elburgon.

Nyumba ya cucu ni ya mabanzi, si mbali na kiwanda cha mbao, na misumeno inasikika mpaka mezani. Cucu alinikaribisha kabla sijajitambulisha. Nduta alikuwa nje akiosha vyombo. Amenipita kimo. Binamu yake mdogo, Wanja, mtoto anayejifunza kutembea, alikuwa ameng'ang'ania sketi yake. Nduta alinitambua, akafuta mikono, akaja kuniamkia vizuri kabisa. Nikamtoa Shiru.

Alimtazama kwa muda. Akafuta mikono tena, mara hii kwa uangalifu zaidi, kisha akampokea kwa kumshika kiunoni ili asimkunje rinda.

"Ni yeye mwenyewe?"

"Ni yeye."

"Asante sana, auntie." Akamnyoosha rinda. "Mtakuja kumchukua lini?"

"Hakuna mtu anakuja kumchukua, Nduta. Ni wako. Alikuwa wako kutoka ile siku ya kwanza."

"Sawa," akasema, kwa ile heshima ambayo watoto humpa mtu mzima anayesema jambo wasiloliamini.

Cucu akamimina chai. Nilikuwa nikitafuta namna nyingine ya kumweleza, namna itakayoingia, wakati Wanja alipomwona mwanasesere. Alicheka kwa sauti, akaachia sketi, akasimama kwa miguu inayotetemeka, akanyoosha mikono yote miwili. Alibakiza kidogo tu afikie. Nduta akamwinua Shiru juu ya kichwa chake, akainama, akamwambia mdogo wake taratibu, kama mtu anayemfundisha mwenzake jambo la kumsaidia maishani:

"Hapana, Wanja. Usishike. Hii ni kitu ya watu."

Mimi nilikuwa nimeketi palepale, kikombe mkononi. Watu wenyewe ni sisi, wenzangu.